Pampu ya Mke Mwenza

Gari la marehemu baba lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mwongo. Ukilipeleka sokoni, linakwenda. Ukilipeleka zahanati, linakwenda na kurudi. Ukilipeleka kwa kaka, linazima njiani, kisha ukishuka kulikagua linawaka kana kwamba mwenye matatizo ni wewe. Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi nimefundishwa na baba mwenyewe, na mtaani kwetu wananiita Fundi Waya. Hakuna kitu kinachomdhalilisha fundi kama hitilafu inayojificha ikimwona anakuja. Gari lililokufa kabisa ni rahisi, limeshakiri. Hili lilikuwa linakana.

Mama aliliita Mke Mwenza. Alilipa jina hilo tangu enzi za baba, kwa sababu baba alikuwa akilifuta vumbi kabla hajanywa chai, na mama akasema wake wenza hupangiwa zamu lakini yeye anaona zamu yake haifiki. Lilikuwa gari la zamani la milango minne, taa za mviringo, usukani mkubwa kama sinia. Ukizungusha ufunguo, kabla hujapiga stata, unaisikia pampu ya mafuta kule nyuma karibu na tenki ikigonga: tiki, tiki, tiki. Pampu ikinyamaza, mafuta hayaji mbele. Kabureta ina akiba yake kidogo, kwa hiyo injini huendelea kwa muda kama vile hakuna kilichotokea, halafu inakohoa na kufa.

Mimi nilikuja kuzika, nikabaki. Nilikuja na begi la nguo za msiba tu, maana kazini kwangu, karakana ya mabasi katika mji mwingine, nilikuwa nimeomba ruhusa fupi. Arobaini haijafika, mama akateleza bafuni, na magoti yake ambayo tayari yalikuwa yanalalamika yakagoma. Nani abaki naye? Kaka ana mke na watoto na kazi. Mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo ikaonekana sina kitu, na asiyekuwa na kitu ndiye mwenye nafasi. Nikabaki.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na ukumbi mwembamba katikati. Nikifunga mlango wa chumba changu, mama anaita kupitia ukutani.

"Umelala?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Basi. Hana shida yoyote. Nikijilaza tena, ananiuliza kama nimefunga dirisha. Nikinyamaza nijifanye nimelala, anaita mpaka niamke nimwambie kwamba nimelala. Sikumchukia. Lakini kuna siku nilikuwa naingia bafuni na kufungua maji bila kuoga, nipate tu kelele isiyo na jina langu ndani yake.

Mkuu wa karakana alinishikia nafasi yangu mpaka mwisho wa mwezi, akaniambia baada ya hapo asilaumiwe. Mwenzangu wa kazini akanitafutia chumba karibu na hapo: chumba kimoja, chini, mlango unafunguka moja kwa moja barabarani, ufunguo mmoja. Nilikuwa nauota huo ufunguo kabla sijaushika. Nilikuwa naota nimekaa ndani, mlango umefungwa, na hakuna mtu duniani anayeniuliza kama nimelala.

Ndipo tukafanya kikao cha familia. Kaka alikuja na wifi, wakakaa, na kaka akasema mama ahamie kwao. Kuna watu wa kumwangalia, kuna wajukuu. Alisema vizuri, na alikuwa anamaanisha. Kasoro ni kwamba kaka anakaa ghorofa ya juu kabisa katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hajahamia, na mama akipandishwa zile ngazi siku moja, sote tulijua kushuka kwake kutakuwa kwa machela. Hakuna aliyelisema hilo. Mimi nilikuwa wa kwanza kutolisema.

Mama alikuwa anakunja nguo. Kaka akamuuliza, "Mama, unaonaje?" Mama akakunja shuka, akalipiga kofi lilale, akachukua jingine. Kwetu mkubwa akinyamaza ameridhia, ndivyo tulivyolelewa, hivyo tukakubaliana kwamba mama amekubali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini siku ile wahenga hawakualikwa.

Sharti lake lilikuwa moja. "Nitakwenda na Mke Mwenza," alisema. "Gari la mtu mwingine sipandi, magoti yangu hayalijui."

Safari ya kwanza, tulipita mzunguko, tukapita kinu cha unga, tukashika barabara ndefu inayotoka mjini. Mama alikuwa amekaa mahali pake, nyuma ya kiti cha abiria, amevua viatu kama anavyofanya siku zote. Mbele hakai tangu siku ya mwizi.

Hadithi ya mwizi ilikuwa ikichekesha kila harusi na kila msiba kwetu. Baba alisimama kwenye duka la vipuri kununua plagi, akaacha injini inanguruma na mama amejinyoosha kiti cha nyuma, usingizi umemchukua. Kijana mmoja akarukia usukani akaondoka nalo. Mama akaamka huko mbele, akadhani ni mumewe, akamwambia, "Baba watoto, punguza mwendo, tumbo linanicheza." Mwizi alishtuka, akakanyaga breki, akafungua mlango na kukimbia, akaacha hata kofia yake. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu. Baba peke yake hakuwahi kuicheka ile hadithi.

Basi, baada ya kinu cha unga, injini ikakohoa, ikafa. Nikasogeza gari pembeni. Baba alikuwa na kanuni yake: gari halipimwi lina mtu ndani. Alisema gari husikilizwa kwanza, na abiria hata akinyamaza anapumua. Kwa hiyo nikatoa kigoda kwenye buti, nikamsubiri mama ashuke. Alichukua muda wake, anatafuta kiatu kwa mguu huku na huku. Nikamkalisha kivulini, nikarudi, nikazungusha ufunguo. Tiki, tiki, tiki. Pampu nzima, afya tele. Gari likawaka kwa pigo la kwanza.

Nilisimama katikati ya barabara ile nikiliangalia.

"Limepona?" mama akauliza.

"Halikuwa linaumwa," nikasema.

Tukarudi nyumbani. Sikuthubutu kwenda mbali na mgonjwa wa magoti katika gari lisiloaminika.

Nikabadilisha fyuzi. Nikasafisha waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, pale unapofungwa kwenye bodi, nikapasugua kwa msasa mpaka pakang'aa. Nikabadilisha pampu yenyewe. Kisha nikaliendesha peke yangu mpaka getini kwa kaka na kurudi, jua kali, mashimo, mlima, na lile gari likaenda kama bwana harusi. Nikaimba njia nzima. Kesho yake nikampakia mama na masanduku yake, na tulipokaribia daraja likafa.

Nikamshusha. Kiatu, kigoda, kivuli. Tiki, tiki, tiki.

Kaka akapiga simu. "Wewe si ndiye fundi?" aliniuliza, na sauti ya wifi nyuma yake ikasema chakula kimepoa. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Mwezi ulikuwa unakwisha. Nililiona lile gari kama mlango wa chumba changu kipya umekwama na mimi niko upande wa ndani, upande wa ukumbi mwembamba, na nyuma yangu ukuta unaniuliza kama nimelala.

Hitilafu ya kuja na kwenda huikamati kwa kuifukuza. Unaitegea. Nikavuta waya mrefu kutoka kwenye pampu, nikaupitisha chini ya zulia la upande wa dereva mpaka mbele, nikafunga taa ndogo kando ya usukani. Umeme ukifika kwenye pampu, taa inawaka. Umeme ukikatika, taa inazima, nami nitajua kabla injini haijakohoa. Mama aliniangalia nikiifunga.

"Hiyo ya nini?"

"Shahidi," nikamwambia. "Pampu ikinyimwa umeme, hii itaniambia."

"Baba yako alikuwa anapenda vitu hivyo," akasema, akaenda kukunja nguo.

Safari ya tatu, daraja likapita, nikaanza kuvuta pumzi, na taa ikazima. Injini bado ilikuwa inakwenda. Nikahesabu moyoni, nikasogea pembeni, ikafa. Nikamwambia mama ashuke. Akatafuta kiatu, na kabla hajafungua mlango, nikaona kwa macho yangu taa inawaka tena.

Nikajipiga kofi la paja. Ni uzito! Mama akikaa, kiti kinabana waya, akiinuka waya unapumua. Ndiyo maana nikiwa peke yangu hakuna shida. Nilifurahi hadi nikambusu mama shavuni, akaniangalia kama mtu aliyepewa zawadi isiyo yake.

Nyumbani nikajaza magunia mchanga, nikayakalisha mahali pa mama, nikayafunga yasianguke, nikayatembeza mpaka kwa kaka na kurudi. Mshonaji jirani yetu aliniuliza kama hao ndio wakwe. Taa haikupepesa hata mara moja. Mchanga haukulalamika.

Hapo nikajua nimebakiwa na kitu kimoja ambacho nilikuwa nakizunguka tangu mwanzo. Nyaya za nyuma za gari lile alizifunga baba kwa mkono wake. Nilikuwa nimegusa kila kitu isipokuwa hizo, kwa sababu kazi ya baba haikaguliwi. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri, kweli. Utepe wake aliuzungusha umebana, mkunjo juu ya mkunjo, na kuukata niliona kama kuvunja heshima. Fundi mwingine yeyote angeanzia hapo hapo.

Nikang'oa kiti cha nyuma. Nikakata utepe wa baba. Na ndani ya utepe, waya wa pampu, badala ya kwenda nyuma moja kwa moja, ulikuwa umechepuka, umepita chini ya zulia kuelekea nyuma ya kiti cha abiria. Nikainua zulia. Palikuwa na swichi ya mguu, ile ya zamani ya kubadilishia taa kubwa iliyokuwa ikifungwa kwenye malori: unaikanyaga inakata, unaikanyaga tena inaunga. Baba alikuwa ameifunga sakafuni kwa boliti mbili.

Nikacheka peke yangu. Mzee alimtegea mwizi, bila kumwambia hata mwanawe fundi! Na sasa swichi imezeeka, imeota kutu, inashika na kuachia inavyotaka, ndiyo homa yote hii. Ilikuwa na kutu kila mahali isipokuwa juu ya kifungo, palipong'aa kama sarafu. Nililiona hilo. Nililiona nikapita, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata jibu nililolitaka. Nikazichomoa nyaya mbili za swichi, nikaziunga moja kwa moja, nikafunga utepe wangu, swichi yenyewe nikaiacha hapo hapo maana boliti zilikuwa zimeshikana na bodi. Nikarudisha zulia. Nikampigia kaka, nikamwambia wajiandae kumpandisha mama ngazi. Nikampigia mkuu wa karakana, nikamwambia nakuja.

Asubuhi mama alivaa gauni lake zuri. Alifunga mlango wa nyumba mwenyewe, akausukuma kuhakikisha, akausukuma tena. Akaingia nyuma, akavua viatu.

Mzunguko. Kinu cha unga. Taa kando ya usukani inawaka imara. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nazungumza, namwambia mama habari za mabasi, jinsi nyaya zake zilivyojikunja kama utumbo. Daraja tukalipita. Upande wa pili nikasikia nyuma yangu, chini, sauti ndogo.

Tak.

Sikuitilia maanani. Gari la zamani lina sauti zake.

Tak.

Nikaangalia taa. Inawaka. Kisha tena, tak, na kimya, na tak, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu kwenye nyumba ambayo anajua wamo. Nikainua macho kwenye kioo.

Mama alikuwa ameangalia nje ya dirisha. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, uso wa abiria, ila bega lake moja lilikuwa linashuka kidogo na kupanda, linashuka na kupanda, kila mguu unapokanyaga. Goti lile lile bovu. Nikaelewa kiatu. Nikaelewa kifungo kilichong'aa. Nikaelewa kwamba kwa majuma yote hayo nilikuwa namtafuta mwongo ndani ya nyaya.

Macho yake yakageuka, yakaiona taa. Aliitazama kwa muda. Mguu ukaacha.

"Umelitengeneza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Baba yako angefurahi."

Nikaendelea kuendesha. Sitadanganya, niliendelea. Niliona chumba changu, mlango wake, barabara yake. Niliona mabasi yamepangwa. Niliwaza kwamba nikinyamaza hivi hivi, kwetu kunyamaza ni kukubali, na atakuwa amefika kabla yeyote kati yetu hajasema neno. Lakini hasira ikanitoka.

"Kwa nini hukusema? Siku ya kikao uliulizwa."

"Niliulizwa naonaje. Nyie mlishapanga lori la kubeba kitanda."

"Ungeniambia mimi. Mimi nakaa na wewe."

"Wewe ungebaki," akasema. "Ningesema sitaki, ungebaki, na ungefungulia maji bafuni mpaka kisima kikauke. Unadhani sisikii? Huogi, mwanangu. Maji yanamwagika tu."

Barabara ilikuwa tupu mbele yetu.

"Baba yako aliniwekea hiyo baada ya yule kijana," mama akaendelea, taratibu, bado anaiangalia taa. "Akaniambia ni siri yetu wawili. Akasema, mke wangu, ukiona mtu amekuchukua anakupeleka usikokwenda, kanyaga hapa. Halitafika mbali."

"Na mimi ndiye mwizi."

"Sikusema mwizi. Nilisema napelekwa."

Nikasogeza gari pembeni. Sikusubiri lizime, nilizungusha ufunguo mwenyewe. Nikatoa koleo kwenye mkoba, nikafungua mlango wake, nikapiga magoti kwenye kokoto. Mama akainua miguu yake kwa mikono, mmoja mmoja, kanuni ya baba ikavunjwa hapo mchana kweupe. Nikakunjua zulia. Nikakata kiungo changu, nikarudisha zile nyaya mbili kwenye swichi ya baba, nikazikaza. Machozi yalikuwa yananidondokea mikononi na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na grisi.

Nikarudi mbele, nikazungusha ufunguo. Tiki, tiki, tiki. Taa ikawaka.

"Jaribu," nikamwambia.

Akakanyaga. Taa ikazima, pampu ikanyamaza. Tukakaa humo ndani, madirisha yamefungwa, joto linapanda, yeye nyuma na mimi mbele, kila mmoja na safari yake isiyoondoka. Simu ikaita.

"Msiniambie limezima," kaka akasema.

"Limezima."

"Hata leo? Si ulisema umeupata ugonjwa?"

"Nimeupata," nikasema. "Mama hataki kuja kwako, kaka. Hataki zile ngazi. Hatukumuuliza."

Upande wa pili pakawa kimya. Kimya kile sikukihesabu kuwa ndiyo wala hapana. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto, "Mpe simu." Nikampa. Mama akasema, "Mwanangu, wajukuu waje huku chini wanione, wao wana magoti." Akasikiliza, akaitikia, akanirudishia simu imejaa jasho.

Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyompigia mkuu wa karakana nimwambie siji tena. Nilikuwa natafuta maneno.

"Na huko unakokwenda wewe," mama akauliza nyuma yangu, "kuna ngazi?"

Sikugeuka. Nilijua anachouliza. Ningeweza kusema ziko nyingi, nyembamba, hazina pa kushika, na angeniamini, au angenyamaza, jambo ambalo kwetu ni lile lile. Nikauona ule ufunguo mmoja ninaouota. Nikaisikia sauti yake ndani ya chumba ambacho sijawahi kukiona, ikiniuliza kama nimelala.

"Hakuna ngazi, mama," nikasema. "Ni chumba cha chini. Mlango unafunguka barabarani."

Nikamsikia akisogeza mguu. Kisha nikasikia tak, na taa ikawaka.